Ndege Ikichelewa, Usiishi kwa Saa ya Tiketi

Huenda wakati huu unahesabu siku zilizosalia kabla ya shule kufungwa, na tayari umelipa nauli ya kuwapeleka watoto Lamu, Zanzibar au kisiwa kingine wakaone bahari. Hongera. Ila kabla hujafunga mizigo nina ombi moja kwako, nalo linahusu siku ambayo watu wengi hawaipangii lolote, yaani siku ya safari yenyewe.

Sisi madaktari tumezoea kumshauri msafiri juu ya kule anakokwenda. Tunamwambia habari za mbu, za maji ya kunywa na za jua kali. Kwa miaka mingi sikuwahi hata mara moja kumwuliza mgonjwa, "Je, ndege yako ikichelewa kwa saa 8, utakula nini, na dawa yako utaitumia saa ngapi?" Swali hilo nilifundishwa na mama yangu mzazi, kwa njia ambayo nisingependa wewe ufundishwe.

Ilikuwa mwezi wa Agosti mwaka wa 2018. Nilifunga kliniki, nikamwachia daktari mwenzangu wagonjwa wangu, nikaichukua familia yangu kwenda Lamu kwa siku 6. Tulikuwa watu 5: mimi, mke wangu, binti yetu wa miaka 10, mdogo wake wa miaka 6, na Mama, aliyekuwa na umri wa miaka 71 wakati huo na ambaye alikuwa hajapanda ndege maishani wala kuiona bahari. Mama anaugua kisukari. Hujidunga insulini ya mchanganyiko mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, kisha hula baada ya nusu saa. Nyumbani kwake Machakos utaratibu huo hauvunjiki. Hata wageni wakifika, husubiri uani mpaka Mama amalize uji wake.

Ndege yetu ilikuwa iondoke Nairobi saa moja na nusu asubuhi. Saa moja kamili tulitangaziwa tuwe tayari kuingia. Mama akamwomba mke wangu amsindikize msalani, akajidunga dawa yake huko. Alihesabu hivi: tutaingia sasa hivi, ndege itapaa, chakula kitaletwa. Aliporudi aliniambia alivyofanya, nami, daktari mwenye shahada yangu ukutani, nikaitikia kwa kichwa. Baadaye nilikuja kujua kwamba chakula chenyewe kilikuwa pakiti ndogo ya njugu na chupa ya maji.

Dakika 10 baadaye tukaambiwa kwamba kuna hitilafu ndogo ya mitambo, tungoje nusu saa. Nusu saa ikapita, tukaongezewa nusu saa nyingine. Kisha nyingine. Nilitaka kumnunulia Mama mkate na mayai katika duka la pale ndani, lakini alipoiona bei alinivuta mkono. "Mwanangu, mimi sili mkate wa bei ya kuku. Chakula kimo ndani ya tiketi, nitangoja." Nikamwacha. Kila tangazo lilituambia kwamba imebaki nusu saa tu, na ni nani asiyeweza kuvumilia nusu saa?

Ilipofika saa tatu na nusu Mama alikuwa amenyamaza. Kijana wetu alipomwegemea alimsukuma kwa ukali, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Nilidhani amekasirishwa na kuchelewa, kama abiria wengine waliokuwa wakifoka pale mezani kwa wahudumu. Nakiri kwamba hata nilimfanyia mzaha kidogo. Binti yangu ndiye aliyesema, "Baba, mbona nyanya ameloa jasho?"

Unajua Nairobi ilivyo mwezi wa Agosti. Watu walikuwa wamejifunika makoti. Niliushika mkono wa Mama nikaukuta baridi na umelowa. Nikamwita, akaniangalia, akanijibu kwa jina la marehemu baba yangu.

Mashine ya kumpimia sukari ilikuwa kwenye sanduku kubwa, na sanduku lilikuwa limekwisha kwenda na mizigo ya ndege. Nilikuwa nimeliweka humo mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, usiku uliotangulia. Sikuwa na kipimo. Lakini hapo kipimo hakikuhitajika. Mama mmoja aliyekuwa ameketi karibu na mtoto mchanga alitoa pakiti ya maji ya matunda mfukoni mwake bila kuulizwa, tukamnywesha Mama polepole akiwa bado anaweza kumeza, na mke wangu akarudi mbio na soda na vijipakiti vya sukari. Baada ya robo saa hivi Mama alijifuta uso kwa leso, akauliza kwa nini watu wanamtazama.

Nimekusimulia haya kwa kirefu kwa sababu nataka uelewe kosa lilikuwa wapi. Kuchelewa kwa ndege hakukumdhuru Mama. Ndege huchelewa, na ni heri ichelewe ikiwa na hitilafu kuliko ipae nayo. Kilichomdhuru ni kwamba sisi tuliendelea kuishi kwa saa iliyoandikwa kwenye tiketi, ilhali ndege ilikuwa imekwisha kuiacha saa hiyo. Insulini ikishaingia mwilini haina habari na matangazo. Ile ya mchanganyiko huanza kazi katika muda wa nusu saa na kupata nguvu zaidi saa chache baadaye, chakula kiwepo kisiwepo. Kisipokuwepo, huishusha sukari iliyo kwenye damu, na kiungo cha kwanza kulalamika ni ubongo.

Kwa hiyo kanuni ninayowapa wagonjwa wangu sasa ni hii: siku ya safari, usijidunge insulini ya chakula mpaka ukione chakula chenyewe mbele yako. Usiitegemee ahadi ya chakula wala harufu yake. Kama umejidunga na chakula hakionekani, kula chochote ulicho nacho mkobani. Hata wale wanaotumia vidonge wasijione wako salama wote. Vidonge vya aina ya glibenklamidi, ambavyo hutumiwa sana hapa kwetu, vinaweza kuishusha sukari kwa muda mrefu mgonjwa asipokula, hasa mzee ambaye figo zake zimechoka. Metformini ikitumiwa peke yake ni nadra kufanya hivyo.

Dalili zake si ngumu kuzijua, ila katika ukumbi wa kungojea ndege hujificha vizuri. Mgonjwa hutoka jasho, hutetemeka, moyo humwenda mbio, huona njaa, hukasirika bure, huchanganyikiwa. Sasa niambie, msomaji, ni abiria gani aliyecheleweshwa kwa saa 3 asiyekuwa na njaa na hasira? Jambo jingine ni kwamba baadhi ya dawa za presha, kama vile atenololi na propranololi, huficha kutetemeka na mapigo ya moyo. Mama alikuwa akitumia mojawapo. Jasho hubaki. Basi ukimwona mwenye kisukari anatoka jasho mahali pa baridi, usianze kubishana naye.

Mpe kitu cha sukari kinachofanya kazi haraka: nusu gilasi ya soda ya kawaida au maji ya matunda, au vijiko vidogo 3 au 4 vya sukari vilivyokorogwa katika maji. Soda zile zisizo na sukari hazitafaa kitu, na chokoleti huchelewa kwa sababu ya mafuta yake. Ngoja dakika 15, mpime kama una mashine. Ikiwa bado iko chini ya 4, au bado hayuko sawa, mpe tena. Akipata nafuu mpe chakula kamili, mkate au ndizi au viazi, la sivyo sukari itashuka tena. Aliyezimia asitiwe kitu chochote mdomoni. Mlaze ubavu na uite msaada wa daktari mara moja. Na kama huna mashine na una shaka, mpe sukari. Sukari kuwa juu kidogo kwa saa moja haitamdhuru kama kuwa chini.

Mama alipokuwa akila ule mkate wa bei ya kuku (alikula miwili), nilikwenda kwa wahudumu. Sikupiga kelele. Nilimweleza binti aliyekuwa pale kwamba nina mgonjwa wa kisukari na ninahitaji kujua ukweli ili nimpangie dawa. Akatazama kushoto na kulia, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mzee, tunangoja ndege nyingine. Haiwezi kufika kabla ya saa nane." Nikamwuliza amejua hilo tangu lini. Alikuwa amejua tangu saa mbili na nusu.

Simlaumu binti yule, aliyeniletea chakula cha Mama na maji ya watoto kwa haraka kuliko nilivyotarajia. Nawalaumu waliomtuma aseme nusu saa. Nadhani wenye makampuni ya ndege huamini kwamba muda mfupi mfupi huwatuliza abiria. Labda huwatuliza walio wazima. Lakini katika kundi la abiria 50 hivi kuna mwenye kisukari, kuna mja mzito, kuna mwenye kifafa ambaye kidonge chake hakitakiwi kuruka saa, kuna mtoto mwenye selimundu ambaye hapaswi kukosa maji, na wote hawa wanapanga miili yao kwa kufuata tangazo lile. Saa 6 zikitajwa wazi, mtu hula, hunywa, hujinyoosha na hupiga simu kwa daktari wake. Nusu saa 12 zikitajwa moja moja, hafanyi lolote kati ya hayo. Mama alipoelezwa alisema, "Si wangeniambia tu saa nane? Ningekula." Sijasikia mtaalamu yeyote akilisema vizuri zaidi.

Hata hivyo, na sisi abiria tuna lawama yetu. Niliporudi kutoka mezani Mama alikuwa amenuna, akaniuliza kwa nini nimemtangaza. Wazee wetu wengi huuficha ugonjwa huu kama deni. Kwenye harusi hula keki ili wasiulizwe, na msalani hujidunga dawa kama wanaoiba. Kama kuna siku ambayo siri hiyo haifai, ni siku ya safari. Mwambie mhudumu unapopeana mizigo, mwambie pia jirani yako wa kitini. Wewe kijana uliyewalipia wazazi nauli, usiseme kwamba mzee mwenyewe anajua dawa zake. Anazijua kwa saa ya nyumbani kwake.

Ama kuhusu mkoba wa mkononi, nitasema kwa ufupi kwa kuwa hili si gumu, ni uvivu tu. Dawa zote za siku 2 au 3, mashine ya kupima sukari, sindano, barua ya daktari na kitu cha kutafuna viwe mkononi mwako. Insulini hasa isiende na mizigo, kwa sababu huko inaweza kuganda kwa baridi, na insulini iliyoganda hata ikiyeyuka imekwisha kuharibika. Usiogope walinzi wa ukaguzi. Ile amri ya kuzuia vimiminika vya zaidi ya mililita 100, iliyoanza kuenea duniani mwaka wa 2006, haihusu dawa za mgonjwa wala maziwa ya mtoto, mradi uvionyeshe na kueleza. Watoto wabebewe maji, chakula wanachokijua na pakiti ya chumvi na sukari ya kuongeza maji mwilini. Biskuti na soda kutwa nzima si chakula, na wengi wa watoto wanaotapika ndani ya mashua wameanzia kwenye soda za uwanja wa ndege.

Halafu simameni mtembee. Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti mwaka wa 2007 yaliyoonyesha kwamba kukaa kitako bila kujongea kwa saa 4 au zaidi safarini huongeza karibu mara mbili hatari ya damu kuganda katika mishipa ya miguu. Kwa mtu mzima wa afya hatari yenyewe ni ndogo, kama mtu 1 kati ya 6,000, lakini kwa mja mzito, mnene sana au aliyefanyiwa upasuaji hivi karibuni si ya kupuuzwa. Hali ni hiyo hiyo kwa anayekwenda Mombasa kwa basi, na sioni kwa nini viti vya chuma vya ukumbi wa kungojea visihesabiwe.

Tuliondoka saa kumi kasorobo. Tulipovuka kwa mashua kutoka uwanja wa ndege ulioko kisiwani Manda, kusi lilikuwa likivuma na jua linashuka, watoto wamelowa na wanacheka. Hapo nikagundua kosa langu la pili. Tulikuwa tumepanga kufika saa tatu asubuhi, kwa hiyo watoto walikuwa wamevaa kaptura, na nguo za mikono mirefu pamoja na mafuta ya kufukuza mbu vilikuwa chini kabisa ya sanduku. Mbu anayeeneza malaria huuma kuanzia magharibi mpaka alfajiri. Mtoto aliyezaliwa na kulelewa Nairobi hana kinga ya malaria, hata kama babu zake wote walitoka pwani. Sisi tulikuwa tumekwisha anza dawa za kuzuia malaria kabla ya safari, nami nakushauri umwone daktari kuhusu dawa hizo wiki 2 au 3 kabla ya kuondoka, maana nyingine huhitaji muda huo. Na mtoto akipata homa baada ya kurudi, iwe wiki ya kwanza au ya nne, usikubali kuambiwa ni mafua kabla damu haijapimwa. Mwambie daktari mlikuwa pwani. Watu husahau kusema, na madaktari wa mjini husahau kuuliza.

Jioni ile pia nilipaswa kuamua juu ya dawa ya Mama. Alikuwa amekula chakula cha mchana saa tisa, siku nzima imevurugika, na tumetoka Nairobi penye baridi tukaja penye joto, ambapo insulini hufyonzwa mwilini upesi zaidi. Tulilipata sanduku, nikampima, nikampunguzia kipimo cha usiku huo, nikampima tena kabla ya kulala na saa tisa usiku. Wewe usipunguze kwa kubahatisha. Kabla ya kusafiri mwulize daktari wako akuandikie kwenye karatasi utakachofanya siku ikivurugika, na uwe na nambari yake ya simu. Lamu si mahali pa kwenda kutafuta teksi usiku. Njia za mji wa kale ni nyembamba, na mgonjwa hufika hospitali kwa mguu, kwa punda au kwa mashua.

Nilipowasimulia jamaa zangu kisa hiki, mmoja aliniambia kwamba dawa yake ni rahisi: wazee na wagonjwa wabaki nyumbani. Nimesikia hayo hata kutoka kwa madaktari wenzangu. Siyakubali. Asubuhi ya pili Mama alikwenda na wajukuu mpaka ufuo wa Shela, akavua viatu, akasimama ndani ya maji mpaka magotini, leso ameikunja mkononi. Alikaa hapo kwa muda mrefu. Mjukuu wake alimwuliza anatazama nini, akasema anatafuta mwisho wake. Mtu aliyelea watoto 6 kwa jembe hawezi kunyimwa hayo kwa sababu ya sindano mbili kwa siku.

Siku ya kurudi, ndege yetu ilikuwa iondoke saa tano. Kule Manda, kabla hata mizigo haijapimwa, Mama alifungua mkoba wake akatoa mahamri 4 yaliyofungwa kwenye gazeti, mayai 2 ya kuchemsha na chupa ya chai isiyo na sukari. Kisha akamwendea mhudumu, akamwambia kwamba yeye ana kisukari na anataka kujua ndege itaondoka saa ngapi, saa ya kweli. Kijana yule alicheka, akamhakikishia kwamba iko njiani. Mama akarudi kitini, akajidunga mbele ya watu wote, na akaanza kumenya yai la kwanza.